London Calling ya The Clash: ingia kwa mlango wa besi

Kwetu Tanga neno panki nililijua kwa kinyozi kabla sijalijua kwa muziki. Ulikuwa mkato wa nywele: pembeni zinapunguzwa, juu zinaachwa zisimame, na kijana aliyetoka kunyoa panki alirudi nyumbani kwa njia ya uani ili baba asimwone mapema. Kwamba kuna muziki wenye jina hilo, na kwamba London ni moja ya miji iliyoulea, sikuwa na habari. Nilihamia London mwaka 2008, na bado ilinichukua miaka 11 kuufikia.

Naandika haya kwa mtu kama mimi, aliyelelewa na dansi, na rege ya kanda za kurekodiwa, na taarabu ya nyumba ya jirani. Umesikia watu wakiitaja The Clash, bendi ya panki ya London, kwa heshima, ukaweka wimbo mmoja, ukasikia makelele, ukazima. Mimi nilizima mara mbili. Leo albamu yao ya London Calling inapiga kwenye gari langu la kazi karibu kila alfajiri, na nina hakika watu wengi wanaelekezwa mlango usio wao.

Mimi ni mpiga besi. Mjomba wangu, aliyenifundisha, alikua akiwasikiliza Atomic Jazz na Jamhuri Jazz pale pale Tanga, na kwake besi ilikuwa ndiyo sakafu ya nyumba: hukai ukaisifu sakafu, lakini ikibonyea kila mtu anajua. Bendi yetu ilikuwa na gitaa moja tu la besi, mali ya bendi, si ya mtu. Nyuzi zikifa sauti tulizichemsha kwenye sufuria, tukazianika, zikapata uhai wa wiki mbili tatu. Kila baada ya onyesho mjomba alilifuta lile gitaa kwa kipande cha kanga, shingo kwanza, kisha kiwiliwili. Ukiliegemeza ukutani badala ya kulilaza kwenye mkoba wake, ulisemwa mpaka asubuhi.

Kwa hiyo mtaelewa nilichohisi Desemba 2019. Binti yangu alikuwa na kazi ya shule kuhusu Moto Mkubwa wa London wa 1666, nikampeleka Museum of London, jumba la makumbusho la jiji. Tulipomaliza habari za moto tukakuta maonyesho ya bure kuhusu The Clash, na ndani ya kioo kumelazwa gitaa la besi aina ya Fender Precision, limevunjika. Halikuliwa na mchwa, halikuungua. Limevunjwa. Karibu yake kuna picha: kijana mrefu ameinama, miguu ameipanua, gitaa kalishika shingoni kama mtu anayepasua kuni.

"Baba, kwani lilikuwa bovu?" binti akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Nilisikia kifua kinakaza, kama nimeona mtu anamwaga chakula kizima mbele ya wenye njaa. Nikamwambia tu kwamba huyu hakufunzwa na mjomba.

Nikasoma maelezo. Kijana yule ni Paul Simonon, mpiga besi wa The Clash. Mahali ni ukumbi wa Palladium, New York, Septemba 1979. Na sababu, kama alivyoieleza mwenyewe, ni kwamba walinzi wa ukumbi walikuwa wakiwazuia watu wasiinuke vitini. Hapo nilisimama muda mrefu, binti akaenda akarudi. Maana kazi ya mpiga besi ni hiyo moja. Gitaa la solo linawafanya watu wasikilize, mwimbaji anawafanya wamkumbuke, lakini anayewainua vitini ni besi pamoja na dramu. Ukinipa ukumbi uliojaa watu, kisha ukaweka mabaunsa wa kuwakalisha, umeninyang'anya kazi yangu mbele ya macho yangu. Bado nisingelivunja. Lakini nilimwelewa. Na yeye mwenyewe amekiri baadaye kwamba angekuwa na akili angelichukua gitaa la akiba, kwa sababu lile alilolivunja ndilo lililokuwa na sauti nzuri zaidi. Mtu anayejuta kwa sababu hiyo ni mpiga besi wa kweli.

Picha hiyo, aliyoipiga Pennie Smith, ndiyo jalada la albamu. Yeye hakutaka itumike kwa kuwa haikutulia, ina ukungu. Mwimbaji wa bendi, Joe Strummer, na mchoraji Ray Lowry wakaishikilia hiyo hiyo. Lowry akaiwekea herufi za waridi zikishuka kushoto na za kijani zikipita chini, kwa kufuata jalada la albamu ya kwanza ya Elvis Presley ya 1956. Ukizilaza pamoja utaona ni heshima ya mtoto kwa babu.

Sasa, mlango usio wangu. Kazini kwetu, ghala la mikate huko Park Royal, kuna mzee Mwingereza aliyewafuata The Clash tangu ujana wake. Nilipomsimulia nilichokiona alifurahi sana, akaniambia nianze mwanzo, na albamu ya kwanza, ya Aprili 1977. Ushauri wa mtu anayependa, nao ulikuwa mzito kwangu. Nyimbo 14, nyingi hazifiki hata dakika tatu, gitaa linakwaruza kutoka mwanzo hadi mwisho, na Strummer anaimba kama mtu anayetafuna na kupiga kelele wakati huo huo. Nilizima kwenye wimbo wa nne. Wiki iliyofuata nikajilazimisha tena, nikafika wa saba. Laiti ningevumilia mpaka wa 12, lakini hilo nitalisema mbele.

Mlango ninaowaonyesha mimi ni huu. Chukueni London Calling, iliyotoka Uingereza tarehe 14 Desemba 1979. Ni santuri mbili, pande nne, nyimbo 19. Msianze na wimbo wa kwanza. Nendeni upande wa pili, wimbo wa mwisho: The Guns of Brixton.

Unaanza na besi. Noti chache, zinapanda, zinashuka, zinasimama, na pale zinaposimama ndipo penye utamu. Mjomba alikuwa akisema noti usiyoipiga nayo inalipwa. Gitaa linaingia juu yake kwa mkato wa rege, tcha, tcha, kwenye mapigo ya katikati, na dramu za Topper Headon haziharakishi kitu. Halafu anaimba mtu ambaye ni dhahiri si mwimbaji. Sauti nzito, bapa, haipandi. Ni Simonon mwenyewe. Huo ni wimbo wake, wa kwanza kuutunga na kuuimba peke yake katika bendi, na anauliza utafanya nini siku watakapokuja kuvunja mlango wako. Brixton ni kusini mwa London, mtaa wa Wajamaika wengi, na sehemu ya utoto wake aliishi huko. Wimbo ulirekodiwa 1979. Ghasia kubwa za Brixton baina ya vijana na polisi zilitokea Aprili 1981.

Nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa nimeegesha gari, nangoja duka lifunguliwe nishushe mikate. Niliurudia mara tano. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea kwenye usukani. Hapo nikajua hawa watu nawajua.

Kilichonigusa zaidi ni kusoma kwamba Simonon alipoingia kwenye bendi mwaka 1976 hakujua kupiga chombo chochote. Mpiga gitaa wa bendi, Mick Jones, alijaribu kumfundisha gitaa la kawaida, akashindwa, akampa besi kwa kuwa ina nyuzi nne. Simonon akazichora noti kwa rangi kwenye shingo ya gitaa ajue pa kuweka kidole. Alichokuwa nacho ni masikio: alikuwa amekulia katikati ya rege ya Brixton na Ladbroke Grove, ameisikia kwenye kuta za majirani. Masikio yalitangulia, vidole vikafuata baada ya miaka mitatu. Nimefundisha vijana wengi besi, na wale waliofika mbali walikuwa wa namna hiyo. Na kilichomsukuma kutunga ni jambo la kawaida kabisa: aligundua kwamba fedha katika bendi humfikia mwenye kutunga, si mwenye kubuni mavazi na kupaka rangi mapazia ya jukwaa. Hakuna mwanamuziki wa dansi asiyelijua jambo hilo.

Ukishaingia kwa mlango huo, rudi sasa upande wa kwanza, na hapa Mswahili ana kitu ambacho wasikilizaji wengi vijana wa Uingereza hawana. Jina la albamu limetoka kwenye redio. Wakati wa vita vya pili vya dunia, matangazo ya BBC kwenda nchi za nje yalifunguliwa kwa maneno hayo, kwamba hii ni London inaita. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, na kwa miaka mingi ilitangaza kutoka Bush House, katikati ya jiji. Mimi nimekua nikiinyamazia redio ya baba. Saa ya taarifa ikifika hakuna aliyekohoa. London kwetu ilikuwa sauti tulivu inayojua mambo ya kwenu kabla ninyi wenyewe hamjayajua.

Wimbo wa kwanza unaichukua sauti hiyo na kuitia hofu. London inaita, lakini inaita kama mtu anayezama. Gitaa linapiga kwa mwendo wa kijeshi, besi inashuka chini yake kama ngazi ya giza, na maneno yanataja barafu, mto na ajali ya nyuklia. Si ndoto za mlevi. Machi 1979 mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island huko Marekani ulikuwa umepata ajali, na London ilikuwa na hofu ya miaka mingi ya mto Thames kufurika. Ukuta wa kuzuia maji kule Woolwich ulikuwa bado unajengwa. Ulianza kazi 1982. Mimi nakaa Woolwich. Jumapili hutembea na watoto pembeni ya ule ukuta, mabati yake yanang'aa kama mashua zilizopinduliwa, na kila mara besi ya wimbo huo inanijia. Mwishoni kabisa, sauti inapofifia, sikilizeni gitaa: linagonga nukta na vistari, ishara ya SOS ya meli inayozama. Baba yangu angeitambua mara moja.

Baada ya hapo upande wa kwanza unageuka sherehe. Brand New Cadillac ni wimbo wa Vince Taylor wa 1959, na ndio walioanza nao kurekodi. Inasimuliwa kwamba walipomaliza, walitaka kurudia kwa kuwa mwendo ulikuwa umeongezeka katikati. Prodyuza Guy Stevens akakataa, akasema roki yote huongeza mwendo, basi umepita. Nilicheka kwa furaha niliposoma. Kwetu pia bendi ikifika kwenye chemko mwendo hupanda, na anayesimama kuangalia saa hajui muziki. Upande unafungwa na Rudie Can't Fail, tarumbeta na saksafoni juu ya mdundo wa Kijamaika, wimbo wa kijana anayetukanwa kwamba hana maana na bado anatembea akinesa. Ukipigwa harusini nina hakika mashangazi watainuka.

Huyo Guy Stevens anastahili maneno zaidi, maana albamu hii haiwezi kuelezwa bila yeye. Bendi ilikuwa imeachana na meneja wao wa kwanza, haina nyimbo mpya. Wakajifungia miezi ya 1979 kwenye chumba cha mazoezi kiitwacho Vanilla, nyuma ya gereji, Pimlico. Asubuhi mazoezi, alasiri mpira wa miguu uwanjani, kisha mazoezi tena. Wakapiga nyimbo za watu wengine: rege, roki ya zamani, chochote. Ndipo zao zikaanza kutoka. Walipokwenda studio ya Wessex, huko Highbury, wakamchukua Stevens, mtu ambaye wengi walikuwa wamemkimbia kwa ulevi. Alirusha viti, alizungusha ngazi hewani wakati wanarekodi, alimimina pombe kwenye piano. Fundi mitambo Bill Price ndiye aliyehakikisha vyote vinaingia kwenye kanda salama. Nyimbo nyingi zilikubaliwa kwenye jaribio la kwanza au la pili, na unasikia: vyombo vinapumua, mtu anaguna nyuma, hakuna kilichopigwa pasi. Stevens alifariki 1981. Sipendi viti kurushwa, lakini nimewahi kufanya kazi na viongozi wa bendi waliokuwa na utulivu wote duniani na hakuna aliyewasikiliza. Huyu alitaka wapige kama usiku wa mwisho, nao wakapiga hivyo.

Upande wa pili ndio bora, nitasimama na hilo popote. Unafunguka na Spanish Bombs, kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ukimtaja mshairi Federico García Lorca aliyeuawa 1936. Wanaimba wawili, Strummer na Jones, pamoja, na sauti zao hazilingani, moja ngumu, moja nyembamba, ndiyo maana zinapendeza. Mji wa Granada una kiwanja kidogo kilichopewa jina la Joe Strummer tangu 2013. Upande huo huo una Clampdown, kuhusu kijana anayemezwa na kazi na sare mpaka anazeeka bila kujua nani alimchagulia. Niliusikiliza nikiwa nimevaa fulana ya kampuni.

Na katikati kuna Lost in the Supermarket.

Kila siku kama saa kumi alfajiri napita Westway, barabara iliyoinuliwa juu ya nguzo inayoingia mjini kutoka magharibi. Ilifunguliwa 1970, na nyumba nyingi za watu wa kipato cha chini zilibomolewa kuipisha. Unapokaribia Paddington, majengo marefu ya halmashauri yanasimama karibu kabisa na barabara. Katika moja ya hayo, Wilmcote House, ghorofa ya 18, Mick Jones aliishi na bibi yake wakati bendi inaanza. Wazazi wake walitengana akiwa mdogo. Mama alikwenda Marekani, bibi akamlea. Wimbo wa Lost in the Supermarket anauimba Jones, kwa sauti laini ya mtu asiyetaka kuamsha nyumba, na kwa miezi nilidhani ameutunga yeye. La. Maneno aliyaandika Strummer, akiwaza utoto wa rafiki yake, kisha akampa aimbe. Fikirini zawadi ya namna hiyo: mtu anakaa usiku kuwaza upweke wako, anauandika kwa lugha safi, anakurudishia uwe wako.

Majira yangu ya baridi ya kwanza hapa, kabla mke wangu hajafika, nilikuwa naingia duka kubwa la mtaani bila haja ya kununua kitu. Kulikuwa na joto, taa, na watu. Nilitembea na kikapu kitupu kati ya rafu, nasoma maandishi ya makopo, natoka na chumvi. Sikuwahi kumwambia mtu. Na hawa vijana wa 1979 walikuwa wameshalisema. Kwenye wimbo huo besi ya Simonon inazunguka kwa utulivu, haimwachi mwimbaji hata hatua moja. Naipiga nyumbani usiku kwa sauti ya chini.

Pande mbili za mwisho zina mabonde. Wrong 'Em Boyo ni raha tupu, wanaanza wimbo mmoja, wanasimama, wanaanza upya kwa ska, mdundo wa Kijamaika wa kabla ya rege. Death or Glory ina kiitikio cha kuimbwa na uwanja mzima. The Card Cheat waliirekodi vyombo vyote mara mbili, sauti moja juu ya nyingine, ili iwe kubwa kama kanisa, na imekuwa kubwa. Lakini Lover's Rock ni dhaifu. Maneno yake yanataka kufundisha wanaume adabu na yanasikika kama mtu asiye na uhakika na somo lake. Koka Kola naipita. Four Horsemen sijaielewa inakwenda wapi. Ingekuwa albamu ya nyimbo 16 ingekuwa kamilifu, ila wao walipigania watu wapate zaidi: kampuni ya CBS ilikubali waongeze santuri ndogo ya bure, wakaijaza nyimbo mpaka ikawa santuri ya pili nzima, vyote kwa bei ya moja. Mtu anayekupa kilo mbili kwa bei ya kilo humlaumu kwa punje chache.

Kuhusu sauti ya Strummer, niwe mkweli kwa watu wa kwetu. Si Marijani Rajabu. Humsikii akiliviringisha neno mpaka likuingie moyoni. Maneno mengine hata Waingereza hawayapati bila kusoma. Alizaliwa Ankara mwaka 1952, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya Uingereza nchi za nje, na jina Strummer alijipa kwa kuwa kwenye gitaa aliweza kukung'uta tu, nyuzi zote kwa pamoja. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto anayepiga kwa kulia. Nilipoacha kumsikiliza kama mwimbaji na kumsikiliza kama mpiga ngoma anayetumia mdomo, akanifungukia. Anaweka silabi mahali pa rungu. Alifariki Desemba 2002, moyo, akiwa na miaka 50.

Santuri yenyewe niliinunua ya zamani, pauni 24, kwa muuza vitu vya mitumba Jumamosi. Kingo za jalada zimelika, upande wa tatu una mkwaruzo, mifuko ya ndani yenye maneno ya nyimbo ipo. Ndugu, kama unaweza, isikilize hivi. Kwenye simu besi ya Guns of Brixton unaisikia. Kwenye santuri na spika nzuri inapita sakafuni. Mke wangu alikuja kutoka jikoni akauliza nani anahamisha kabati. Na kuna jambo lililonichanganya usiku ule: upande wa nne ulipofika mwisho wa orodha ya jalada, ukaja wimbo mwingine usioandikwa popote. Mtamu, wa mapenzi, harmonika inapuliza, Jones analalamika kwamba mtu hakusimama naye. Niligeuza jalada mara tatu. Ni Train in Vain. Waliuongeza dakika za mwisho, majalada yakiwa yameshachapwa, na jina lake likachanjwa kwenye santuri yenyewe, karibu na lebo, pale sindano inapotelezea. Ukiinamisha santuri kwenye taa utaliona.

Baada ya hapo ndipo nilirudi kwenye ile albamu ya kwanza, kwa heshima ya mzee wa kazini, na nikafika wimbo wa 12. Police & Thieves. Wimbo wa Mjamaika Junior Murvin, alioutengeneza na Lee Perry, niliokuwa nao kwenye kanda Tanga kabla sijaota ndevu! Wao wameupiga dakika sita, mkavu, mgumu, bila kujifanya Wajamaika, kila mmoja anapiga kwa kiasi cha uwezo wake. Perry mwenyewe alikuja kuwatengenezea wimbo mwingine mwaka huo huo. Kwa wimbo huo mmoja zile nyimbo 11 za kwanza zilibadilika masikioni mwangu. Nikasikia kwamba chini ya makelele kuna watu wanaojifunza kusikilizana. Fuatisheni na (White Man) In Hammersmith Palais, wimbo wa 1978 uliotoka peke yake: Strummer amekwenda usiku wa rege akiwa mzungu karibu peke yake ukumbini, na anaona nafsi yake na mashabiki wake waziwazi. Nadhani ndio wimbo wao bora kuliko yote.

Combat Rock ya 1982 ndiyo yenye nyimbo ambazo tayari mnazijua bila kujua. Rock the Casbah, ambao muziki wake aliutunga Topper Headon, akapiga dramu, piano na besi peke yake. Na Straight to Hell: kile kipande cha gitaa mmekisikia kwenye Paper Planes ya M.I.A. miaka yote. Sandinista! ya 1980 ina nyimbo 36 kwenye santuri tatu. Iacheni mpaka muwe wenyeji. Ile ya 1985, bila Jones wala Headon, niliisikiliza mara moja, inatosha.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mazoezi ya bendi yetu ya harusi, ukumbi wa kukodi huko Barking. Tulikuwa tunamngoja mpiga kinanda aliyekwama kwenye treni. Nikaanza tu kuichezea besi ya Guns of Brixton, polepole, kwa ajili yangu. Mpiga dramu wetu ni kijana wa Lubumbashi, wimbo huo hajawahi kuusikia. Akanitazama mizunguko miwili, akaweka pigo lake la kwanza mahali panapostahili. Gitaa la rithimu likaingia lenyewe. Tukaenda nayo dakika kumi hivi bila mtu kuimba, na yule ndugu aliyekuwa anapanga viti vya wageni akaviacha, akaanza kucheza.